Miaka Isiyo na Tiketi: Bondia wa Uzito wa Juu kutoka Ngumi za Ridhaa hadi za Kulipwa

Mhadhara kwa vijana na wazazi wa Rutshuru



Mmenipa mada ya maisha ya bondia wa uzito wa juu, tangu anapovaa glavu za kwanza mpaka anapozitundika. Nitaizungumzia kupitia mtu ambaye Wakongo wote wanalijua jina lake, lakini wengi wanalijua kwa usiku mmoja tu, tena usiku aliopigwa. Huyo ni George Foreman, aliyefariki Machi 2025 akiwa na miaka 76. Baada yake nitakuja kwa mtoto wetu wa Kananga, Martin Bakole, na mwisho nitafika hapa hapa Rutshuru.

Foreman alizaliwa tarehe 10 Januari 1949 huko Marshall, jimbo la Texas, akalelewa Houston katika mtaa wa watu maskini sana. Shule aliiacha. Yeye mwenyewe aliungama baadaye kwamba alipokuwa kijana alikuwa akiwapora watu njiani. Mwaka 1965, akiwa na miaka 16, alijiandikisha katika Job Corps, mpango wa serikali ya Rais Lyndon Johnson wa kuwafundisha kazi vijana wasio na kitu. Walimpeleka Oregon, kisha kituo cha Pleasanton, California. Huko aliendelea na ugomvi wake wa mtaani, mpaka mtu mzima mmoja aliyefanya kazi kituoni, Doc Broadus, alipomwingiza kwenye chumba cha mazoezi.

Naomba tukae hapa kidogo, maana watu hupapita haraka. Kitanda alicholalia Foreman kililipiwa na serikali. Chakula chake vilevile, pamoja na glavu, mfuko wa kupigia na mshahara wa aliyemfundisha. Hakuna aliyekata tiketi kumtazama. Hakuna promota aliyekuwa na habari naye. Alikuwa kijana mzito mwenye hasira, asiyejua hata kusimama vizuri ulingoni, na kuna watu waliokubali kumlipia wakati bado hana faida kwa mtu yeyote.

Pambano lake la kwanza la ridhaa alilipigana mwaka 1967. Oktoba 1968 alikuwa Mexico City, kwenye Michezo ya Olimpiki. Wakati ule uzito wa juu wa ridhaa ulianzia kilo 81 kwenda juu, na pambano lilikuwa la raundi tatu. Tarehe 26 Oktoba alikutana kwenye fainali na Jonas Čepulis wa Umoja wa Kisovyeti, mwamuzi akalikatisha pambano raundi ya pili. Foreman, akiwa na miaka 19, akatembea ulingoni na kibendera cha Marekani mkononi. Siku kumi kabla yake, kwenye michezo ile ile, Tommie Smith na John Carlos walikuwa wameinua ngumi zao juu ya jukwaa la medali kuulalamikia ubaguzi, hivyo Waamerika weusi wengi hawakumsamehe Foreman kile kibendera. Mimi namwelewa. Smith na Carlos walisema kweli kuhusu nchi yao. Foreman naye alikuwa akiishukuru nchi ile ile kwa kitanda na sahani ya chakula. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja.

Ngumi za kulipwa alizianza Juni 1969 New York, katika Madison Square Garden. Mwaka ule haukwisha kabla hajapigana zaidi ya mara kumi. Wapinzani wengi walikuwa dhaifu kuliko yeye, na vijana wakisikia hivyo hudhani ni udanganyifu. Si hivyo. Katika ngumi za kulipwa bondia hupandishwa ngazi kwa ngazi. Raundi huongezwa kutoka nne hadi sita, hadi nane, hadi kumi, ili mwili ujue kupumua muda mrefu na kichwa kijue kufikiri kikiwa kimechoka. Meneja wake, Dick Sadler, alikuwa akimpa pia mazoezi magumu mbali na macho ya watu, pamoja na Sonny Liston, bingwa wa zamani ambaye ngumi zake ziliogopwa na kila mtu. Foreman alijifunza mengi kwa kupigwa na Liston mazoezini kuliko kwa kuwapiga wale wa ulingoni.

Tarehe 22 Januari 1973, Kingston, Jamaika, akamwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili na kuwa bingwa wa dunia. José Roman akadumu raundi moja Tokyo. Ken Norton, aliyekuwa amemvunja taya Muhammad Ali, akadumu mbili Caracas. Foreman alipotua Kinshasa mwaka 1974 kupigana na Ali alikuwa ameshinda mapambano 40 bila kupoteza hata moja, na 37 kati ya hayo aliyamaliza kabla ya muda. Alikuwa na miaka 25. Ali alikuwa na 32.

Mnajua yaliyofuata, kwa hiyo nitayapitia haraka. Rais Mobutu alitoa dola milioni 10, tano kwa kila bondia. Pambano lilipangwa tarehe 25 Septemba, likaahirishwa baada ya Foreman kupasuka juu ya jicho mazoezini. Lilipiganwa alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, saa kumi usiku kwa saa za Kinshasa, ili Waamerika walitazame jioni yao. Foreman alikuwa amekuja na mbwa wake wa aina ya Kijerumani, na wazee waliowakumbuka mbwa wa polisi wa ukoloni wa Kibelgiji hawakupendezwa. Uwanja wote ukamwimbia Ali amuue. Ali akaegemea kamba, akakinga kichwa na mbavu, akamwacha kijana apige mpaka mikono ikawa mizito. Raundi ya nane akamwangusha, na mwamuzi Zack Clayton akalimaliza pambano. Muda mfupi baadaye mvua kubwa ikamwagika, uwanja ukafurika. Katika mapambano yote 81 ya kulipwa ya Foreman, ni Ali peke yake aliyemmaliza kabla ya kengele ya mwisho.

Sasa sikilizeni jambo ambalo halisemwi sana. Ali alikuwa bingwa wa Olimpiki, Roma 1960, katika uzito wa juu mwepesi. Frazier alikuwa bingwa wa Olimpiki, Tokyo 1964. Foreman, Mexico 1968. Wanaume watatu waliotawala uzito wa juu wa zama zile walipitia mlango mmoja, wa ridhaa. Na Ali naye, kabla ya jina lile kuwa kubwa, alikuwa mtoto wa miaka 12 huko Louisville aliyeibiwa baiskeli. Alipokwenda kulalamika kwa polisi, alimkuta askari aitwaye Joe Martin ambaye baada ya kazi alifundisha watoto ngumi. Kwa Foreman kulikuwa na Broadus, kwa Ali kulikuwa na Martin. Dola milioni 10 za Mobutu zilinunua saa moja ya watu ambao wengine walikuwa wameshawalea kwa miaka mingi. Dola hizo hazikununua Joe Martin hata mmoja kwa Kinshasa, sembuse kwa Goma au Rutshuru. Mpaka Paris 2024, nchi yetu haijawahi kupata medali ya Olimpiki, si katika ngumi wala katika mchezo mwingine wowote. Uganda ilipata fedha ya ngumi kupitia Eridadi Mukwanga mwaka 1968, Leo Rwabwogo 1972 na John Mugabi 1980. Kenya ilipata dhahabu ya Robert Wangila, Seoul 1988. Watoto wa majirani hawana mifupa migumu kuliko ya kwetu. Majeshi yao, polisi wao na shule zao vilikuwa na vilabu.

Kuna mtu ataniuliza: je, Ilunga Makabu? Je, Martin Bakole? Ni swali la haki, na linahitaji jibu lenye uzito.

Hawa ni ndugu, mtu na mdogo wake, watoto wa Kananga. Makabu alianza ngumi za kulipwa mwaka 2008 huko Afrika Kusini, na pambano lake la kwanza alipigwa. Hakurudi nyumbani. Mei 2016 alipigania mkanda wa WBC wa uzito wa cruiser, ule ulio chini kidogo ya uzito wa juu, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, Tony Bellew akamaliza kazi raundi ya tatu. Wengi wangeishia hapo. Tarehe 31 Januari 2020, Kinshasa, mbele ya watu wake, Makabu alimshinda Michał Cieślak wa Poland kwa pointi na kuuchukua mkanda ule ule. Aliushika mpaka Februari 2023, Badou Jack alipomshinda huko Saudia katika raundi ya 12.

Bakole ndiye wa uzito wa juu hasa, maana katika ngumi za kulipwa uzito huo unaanzia ratili 200, karibu kilo 91, na hauna kikomo juu. Yeye pia alianzia Afrika Kusini, mwaka 2014, kisha akahamia Scotland kwa kocha Billy Nelson. Hakupita Olimpiki. Oktoba 2018 alikutana London na Michael Hunter, Mmarekani aliyekuwa amepigana Olimpiki ya 2012. Bakole alikuwa mkubwa kwa mwili, lakini Hunter alijua miguu, alijua umbali, alijua lini aingie na lini atoke. Raundi ya kumi mwamuzi akalisimamisha. Kwa maoni yangu pambano lile linafundisha kuliko ushindi wowote wa Bakole, kwa sababu pale unaiona kwa macho miaka ya ridhaa ambayo upande mmoja ulikuwa nayo na upande wa pili haukuwa nayo.

Naye akajifunza. Tarehe 14 Mei 2022, Paris, alimkabili Tony Yoka, bingwa wa Olimpiki wa Rio 2016, aliyelelewa na Ufaransa nzima kama yai. Bakole alimwangusha raundi ya kwanza, akamwangusha tena raundi ya tano, akashinda kwa pointi ugenini. Oktoba 2023 akamsimamisha Carlos Takam huko Riyadh. Tarehe 3 Agosti 2024, Los Angeles, akamwangusha Jared Anderson mara tatu na kulimaliza raundi ya tano. Anderson alikuwa hajawahi kupigwa, na Waamerika walikuwa wakimtazama kama bingwa wao ajaye.

Kwa hiyo ndiyo, mtu anaweza kufika bila Olimpiki. Lakini tazameni alivyofika. Alijifunza akiwa tayari analipwa, na makosa ambayo kijana wa ridhaa huyafanya mbele ya watu hamsini katika ukumbi wa shule, yeye aliyafanya mbele ya televisheni, kwa gharama ya rekodi yake na ya kichwa chake. Tena ilibidi aende Johannesburg na Scotland kutafuta kile ambacho kingepaswa kuwa Kananga. Kwa Bakole mmoja aliyepata nauli, ni wangapi hawakuipata?

Na angalieni jinsi anayetegemea bahati anavyoishi. Februari 2025 Daniel Dubois aliugua siku mbili kabla ya kupigana na Joseph Parker huko Riyadh. Wakampigia Bakole simu. Alikuwa hapa nchini. Akakubali, akapanda ndege, akafika alfajiri ya siku ya pambano, akiwa na zaidi ya kilo 140. Parker, aliyekuwa bingwa wa dunia na tangu utotoni amepita mashindano ya vijana, alikuwa amefanya mazoezi kwa wiki nyingi. Raundi ya pili mambo yakaisha. Watu walimcheka Bakole kwa tumbo lake. Mimi sikucheka. Ukitoka mahali ambapo nafasi haiji mara mbili, unasema ndiyo hata kama mwili unasema hapana. Mei mwaka huo huo alitoka sare na Efe Ajagba wa Nigeria.

Mwezi ule wa simu ya Riyadh, nyinyi mnajua vita vilikuwa vimeiweka Goma katika hali gani. Sihitaji kuwaeleza watu wa Rutshuru, mliotangulia kuyaona tangu Oktoba 2022. Niseme tu kwamba kuna bondia aliyetukumbuka hadharani. Marcelat Sakobi, dada yetu wa kilo 57, alipotolewa kwenye Olimpiki ya Paris 2024, aliziba mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye panja kama bastola, ishara ile ile waliyoionyesha wachezaji wetu wa mpira kule Abidjan Februari mwaka huo. Alikuwa ameshindwa, ana machozi yake mwenyewe, na nafasi ile fupi ya kamera akaitumia kwa ajili ya mashariki. Ninamheshimu kuliko mabingwa wengi wenye mikanda.

Goma yenyewe ina mtu wa aina ya Joe Martin. Ni Balezi Bagunda, ambaye kila mtu anamwita Kibomango. Alikuwa kadogo, yaani askari mtoto, alipoteza jicho moja, akarudi kwenye maisha ya kawaida kupitia ngumi, na kwa miaka mingi amekuwa akiwafundisha vijana wa mjini, wengine wakiwa wametoka msituni kama yeye. Si wa uzito wa juu, na sijali. Anafanya kazi ambayo serikali ya Johnson ilimfanyia Foreman, ila yeye anaifanya bila serikali.

Nirudi kwa Foreman kidogo, kwa sababu nusu ya pili ya maisha yake inathibitisha ninachosema. Machi 1977, San Juan, alipoteza kwa pointi mbele ya Jimmy Young. Akaacha ngumi, akawa mhubiri Houston. Mwaka 1984 akafungua kituo cha vijana, chenye ulingo na mifuko ya kupigia, katika mji ule ule alikowahi kuwapora watu. Fedha za kukiendesha zikamwishia. Mwaka 1987, baada ya miaka kumi nje ya ulingo, akiwa mnene na kichwa kimenyolewa, akarudi kupigana ili kituo kisifungwe. Magazeti yalimdhihaki. Aprili 1991 alimaliza raundi zote 12 na Evander Holyfield na kushindwa kwa pointi tu. Tarehe 5 Novemba 1994, Las Vegas, akiwa amevaa bukta ileile aliyopigwa nayo Kinshasa, alikuwa nyuma kwa pointi mbele ya Michael Moorer, kijana wa miaka 26. Raundi ya kumi mkono wa kulia ukatua kidevuni. Foreman akawa bingwa wa dunia tena, akiwa na miaka 45. Alimaliza na ushindi 76 na kushindwa mara tano. Wengi wanahesabu miaka 20 kati ya Kinshasa na Las Vegas. Mimi nahesabu tangu Pleasanton: alichopewa bure akiwa na miaka 16 ndicho alichokwenda kupigania akiwa na 38.

Sasa tuje hapa. Wazazi wameniuliza kama kijana wa miaka 17 mwenye kilo 90 amechelewa. Hajachelewa. Mabondia wadogo kwa uzito huanza wakiwa watoto, lakini mwili mzito hukomaa polepole, na Foreman alianza akiwa na umri huo huo. Vijana wetu wanaosukuma chukudu zenye magunia ya makaa na maharage wana miguu na migongo ambayo makocha wa Ulaya wanaitafuta kwa mashine. Wanachokosa ni ufundi, na ufundi haupatikani kwa nguvu. Mwaka wa kwanza kijana asipigane na mtu. Ajifunze kusimama, kutembea, kurusha mkono wa kushoto na kuurudisha usoni. Apigane na kivuli chake. Akianza kuingia ulingoni, aingie na wa uzito wake, raundi tatu, na kinga ya meno mdomoni.

Hili la mwisho naomba lisikike vizuri hata kwa walioketi nyuma. Ngumi huumiza ubongo, na ngumi za uzito wa juu ni nzito. Robert Wangila, yule bingwa wa Seoul, alifariki Julai 1994 baada ya pambano la kulipwa Las Vegas, naye alikuwa wa kilo 67 tu. Ardi Ndembo, mtoto wetu wa uzito wa juu, alianguka ulingoni Miami Aprili 2024 na hakuamka. Alikuwa na miaka 27. Kanuni za ridhaa za kimataifa zinataka bondia aliyemalizwa kwa pigo la kichwa apumzike angalau mwezi mzima bila kupigwa hata mazoezini, na zaidi ya hapo kama alipoteza fahamu. Akimalizwa hivyo mara ya pili ndani ya muda mfupi, apumzike muda mrefu zaidi. Mara ya tatu ndani ya mwaka, apumzike angalau mwaka mzima. Kanuni hiyo haihitaji ulingo wa kisasa wala dola za mtu. Inahitaji daftari lenye jina la kila kijana, tarehe aliyoanguka na tarehe anayoruhusiwa kurudi, na inahitaji muuguzi mmoja wa hospitali mwenye mamlaka ya kusema hapana, kocha akanyamaza. Kabla hamjanunua glavu jozi ya kwanza, mchagueni muuguzi huyo.